Tembo Aliyeingia Uwanjani

Mwezi uliopita nilialikwa, pamoja na wastaafu wenzangu kadhaa wa hapa Morogoro, kuhudhuria uwekaji wa jiwe la msingi la jengo la biashara litakalosimama upande ule wa mji unaoelekea mtoni. Tuliketishwa chini ya turubai, tukapewa maji ya chupa na kofia zenye nembo. Mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kubana na sauti nzuri, akashika kipaza sauti na kusema: "Wazee wangu, hapa mnapopaona palikuwa pori tu! Nyani na nyoka! Leo maendeleo yamefika!"

Nilinyoosha mkono. Niliunyoosha wima, kama tulivyofundishwa shuleni, na sikuushusha. Kijana aliniona, akanijia kwa adabu zote, akaniamkia shikamoo, nami nikamwitikia. Kisha nikamweleza kwa sauti ya chini, nisije nikamwaibisha, kwamba hapa hapakuwa pori bali uwanja wa kriketi, na kwamba ningeomba usemi wake urekebishwe kabla haujaingia kwenye taarifa ya shughuli. Akatabasamu. Akawageukia wageni.

"Mama yetu hapa ana historia ndefu sana, ila muda nao sio rafiki. Naomba makofi mengi kwa mama yetu!"

Nikapigiwa makofi. Nimetumikia masijala ya serikali tangu nikiwa karani mdogo hadi nikawa mkuu wake. Katika utumishi huo nimegombezwa, nimehamishwa bila taarifa, nimenyimwa likizo. Sikuwa nimepata kunyamazishwa kwa makofi. Niliketi, nikafungua chupa ya maji.

Basi nakueleza wewe, rafiki yangu, kwa kuwa huna mshereheshaji wa kukuharakisha. Hapakuwa pori. Palikuwa na nyasi zilizofyekwa kila mwisho wa juma, na katikati ya nyasi hizo ukanda wa udongo ulioshindiliwa kwa rola zito la zege. Juu ya ukanda ule ulitandikwa mkeka mrefu wa makumbi ya nazi, ukapigiliwa vigingi pembeni ili usikunjamane, na mpira mgumu mwekundu ukidondoka juu yake ulitoa mlio mkavu ambao mpaka leo naweza kuutambua nikiwa nimefumba macho. Nyuma ya yote hayo ulisimama mlima, Uluguru yenyewe, na alasiri ukungu ulipoteremka wachezaji waliovaa nyeupe walionekana kama nguo zilizoanikwa zikaanza kutembea.

Sisi watoto wa mtaa tulikaa kando ya mfereji. Tulikuwa na sheria yetu: mpira ukivuka mfereji ni wetu, na haurudi uwanjani mpaka ije kachori. Wachezaji waliifahamu sheria hiyo na waliiheshimu. Jumapili ilinuka mafuta ya bhajia, chai ya maziwa iliyokolea tangawizi, na chatini ya ukwaju iliyotutia ukakasi kwenye meno.

Nililelewa na bibi yangu, mama wa mama yangu. Alikuwa Mluguru wa Kinole, na ingawa alikuwa amehamia mjini zamani, biashara yake ilibaki ileile ya kwao: machungwa, ndizi, mdalasini, kadiri ndugu zake walivyoteremsha mizigo kutoka mlimani. Tulipanga chumba kimoja uani kwa jirani yetu Mhindi, mwenye duka la vitambaa. Nyumba yao ilipakana na uwanja. Humo aliishi mwenye duka, mkewe, na baba yake mzee, ambaye mtaa mzima tulimwita Mzee wa Mkeka.

Jina hilo alilipata kwa haki. Enzi za ukoloni, kabla sijazaliwa, yeye ndiye aliyetandika na kukunja mkeka wa klabu ya Waingereza. Aliutandika asubuhi, aliukunja jioni, na kati ya asubuhi na jioni hakuruhusiwa kuketi kwenye veranda yao. Waingereza walipoondoka mkeka ulibaki, naye akabaki na mkeka. Aliupiga vumbi kwa fimbo kila juma, akishonea palipochanika kwa sindano ya magunia, wala hakukubali mtu mwingine apigilie vigingi. Kitanda chake kilikuwa kando ya dirisha, na kutoka pale aliuona.

Sasa nifike kwenye msimu wenyewe. Ulikuwa wakati wa kiangazi, machungwa yameiva, asubuhi zina baridi ya mlimani. Timu ya taifa ya India ilikuwa imesafiri kwenda Uingereza kwa ziara ya mechi zile za siku tano. Naomba nieleweke: siku tano kwa mechi moja, na wenyewe wanapumzika kula mchana, kisha wanapumzika tena kunywa chai. Kwa mujibu wa Mzee wa Mkeka, India ilikuwa haijapata kuwashinda Waingereza nyumbani kwao hata mara moja. Alikuwa amewafuatilia, kwa gazeti na kwa redio, tangu ujana wake.

"Nimewasikiliza wakishindwa kwa maji na kwa nchi kavu," alikuwa akisema. "Wakienda kwa meli, wanashindwa. Wakienda kwa ndege, wanashindwa upesi zaidi."

Redio yao ilikuwa kubwa, ya mbao, yenye jicho la kijani. Kwa kuwa Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili, mchezo wao wa asubuhi ulitufikia sisi jua likiwa limekwisha kupinduka. Mwenye duka aliegesha milango nusu. Wanaume wa jamaa yake walikuja mmoja mmoja, wakavua viatu, wakaketi barazani juu ya mikeka. Walizungumza kwa kunong'ona. Mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwingine alitazama sakafu tu. Wanawake walileta chai, wakaondoka kimya. Ilikuwa hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili ikawa hivyohivyo.

Siku ya tatu bibi alinitazama akasema, "Na sisi tumekaa tu humu kama hatuna utu." Akawaita wenzake wawili wa sokoni. Wakajifunga kanga, wakachukua unga kwenye bakuli na mzigo wa kuni, wakaingia barazani kwa mwendo wa taratibu, wakaketi chini.

"Poleni, wanangu," bibi alisema. "Tumechelewa kupata habari."

Mwenye duka aliinuka. "Ahsante, mama. Lakini hakuna aliyefariki."

"Hakuna?"

"Hakuna. Tunasikiliza mpira."

Bibi akamtazama yule aliyeshika kichwa. "Mpira wa siku tatu?"

"Tano, mama."

"Na watu wenu huko wanaendeleaje?"

Mwenye duka akapumua. "Vibaya."

"Basi," bibi akasema, akitua mzigo wa kuni, "hatujakosea nyumba."

Kutoka chumbani tulimsikia Mzee wa Mkeka akicheka mpaka akapaliwa.

Tangu siku hiyo bibi hakukosa kukaa. Alikuja na kapu la machungwa na kisu chake, akamenya kwa mzunguko mmoja bila ganda kukatika, akawagawia wasikilizaji. Hakujua chochote kuhusu kriketi wala hakutaka kufundishwa. Kwake yeye kulikuwa na watu wenye jambo zito lisilo na dawa, na kazi ya jirani ilikuwa kukaa nao. Mzee alimchokoza kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Mama Machungwa, unajua wanafanya nini huko?"

"Najua. Wamesimama juani wanasubiri chai."

"Huyu," Mzee akawaambia wenzake, "ameelewa kuliko ninyi."

Mechi ya kwanza ilikwisha bila mshindi kwa sababu ya mvua. Ya pili nayo iliingiliwa na mvua. Bibi alisikitika kwa namna yake: mvua yote hiyo imwagike kwa watu wanaocheza, na huku maboga ya watu yanakauka. Lakini Mzee hakucheka tena. Katikati ya mechi hizo alikuwa ameanza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alilazwa hospitalini, kisha wakamrudisha nyumbani kwa maneno yale ya upole ambayo kila familia inayaelewa. Chakula alikikataa. Dawa alizikubali kwa sharti moja, kwamba redio iingizwe chumbani, ikae karibu na mto wake. Ilikuwa imebaki mechi moja tu ya ziara ile.

Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza watu wazima wasioweza kufanya lolote. Mwenye duka alikuwa mtu wa kupanga mambo. Alijua kuzungumza na maofisa, alijua kupata mzigo uliokwama stesheni. Lakini hakuweza kuwasaidia wale vijana kumi na mmoja waliokuwa ng'ambo, na hakuweza kumwongezea baba yake pumzi. Alibaki anageuzageuza kitufe cha redio, kulia kidogo, kushoto kidogo, kana kwamba makosa yalikuwa kwenye masafa.

Siku ya mwisho ya mechi ile ya mwisho iliangukia sikukuu yao. Maduka ya jamaa zake yalifungwa, na wanaume wengi walibaki majumbani na familia zao. Chumbani tulikuwa watano: Mzee kitandani, mwanawe, mkwewe, bibi, na mimi. Nje, mlima ulikuwa umeshusha ukungu tangu alfajiri, ukiwa mzito hata mkeka wa uwanjani haukuonekana vizuri. India walihitaji mikimbio, ndiyo alama za mchezo ule, ambayo haikuwa mingi, lakini walikuwa wakiitafuta kwa mwendo wa konokono. Mwenye duka alitutafsiria kila alichosikia.

Ghafla akakunja uso, akainamia redio. "Anasema kuna tembo."

"Tembo wapi?" mkewe akauliza.

"Uwanjani. Mashabiki wetu wamekodi tembo kwa ajili ya sikukuu, wanamtembeza uwanjani."

Rafiki yangu, hilo si hadithi ya kitoto. Lilitokea, na redio ililisema. Mzee alifumbua macho. Sikukuu ile ilikuwa ya mungu wao mwenye kichwa cha tembo; kwao tembo siku ile alikuwa baraka, na uso wake ukapata nuru ambayo hatukuwa tumeiona kwa siku nyingi. Bibi aliacha kumenya.

"Ameingia kabisa?" akauliza. "Hajasimama pembeni?"

"Ameingia, mama."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, akaendelea na chungwa lake. Sikujua anafikiri nini. Nilijua tu kwamba katika ujana wake aliolewa bondeni, huko chini ya milima ambako tembo walivamia mashamba ya mahindi, na kwamba hakupenda kuyazungumzia maisha yale.

Mchezo ukaendelea. Mpigaji mmoja wa India akatolewa. Baadaye akatolewa mwingine. Ilikuwa imebaki mikimbio michache kabisa wakati feni ya darini ilipopunguza mwendo, ikazunguka kivivu, ikasimama. Jicho la kijani la redio likafumba. Umeme ulikuwa umekatika.

Palikuwa na redio ndogo ya betri, na betri zake zilikuwa zimechoka. Tangu asubuhi nilikuwa nimezianika uani kwenye ungo, kama tulivyofanya wote enzi zile ili zipate nguvu kidogo. Lakini jua halikuwa limetoka. Mwenye duka alizitia, akaiweka redio sikioni. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu, ikasema maneno mawili matatu, ikafa. Akaipiga kofi. Akazitoa betri, akaziuma kwa meno, akazirudisha. Hakuna kitu.

"Nakwenda kutafuta betri sokoni," akasema, akatoka mbio bila viatu.

Tukabaki. Unaujua ukimya wa nyumba ambayo umeme umekatika, unasikia mpaka maji yakidondoka kwenye mtungi. Pumzi ya Mzee ilikuwa inakuja kwa mbali, inasita, inarudi. Mkwewe alimshika mkono. Kisha Mzee akafumbua macho, akamtazama bibi.

"Vipi huko?"

Mkwewe alinitazama mimi, nami nikafungua kinywa. Hata katika umri ule nilikuwa mtoto wa kusema kilichopo. Nilitaka kusema kwamba hatujui, redio imezima. Bibi aliweka mkono wake juu ya goti langu, mkono uliolowa maji ya chungwa.

"Wameshinda, baba," akasema.

Mzee alimkazia macho. "Kweli?"

"Kweli."

"Kwao?"

"Kwao. Hukohuko kwao, uwanjani kwao."

Mzee alishusha pumzi ndefu. Akageuza kichwa upande wa dirisha, kule ulikokuwa mkeka ndani ya ukungu, akatabasamu kidogo kama mtu aliyeruhusiwa kuketi. Bibi alimkamulia matone ya chungwa midomoni. Alimeza la kwanza. La pili lilitiririka pembeni, na bibi akalifuta kwa upindo wa kanga.

Tulimsikia mwenye duka akija kabla hatujamwona. Alikuwa anapiga kelele tangu barabarani, sauti imepasuka kwa furaha: "Baba! Baba, wameshinda! Wameshinda!" Alikuwa ameukuta umati mbele ya redio ya mtu sokoni na kusikia mwisho kwa masikio yake. Aliingia uani na betri mpya zimejaa mikononi. Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Mwenye duka alipomwona amesimama vile, betri zilianguka moja moja.

Aliingia, akakaa na baba yake muda mrefu. Alipotoka aliketi chini barazani, palepale alipokaa yule mtu aliyeshika kichwa.

"Hakusikia," akasema. "Miaka yote ile, na hakusikia."

"Alijua," bibi akamwambia.

"Nani alimwambia?"

"Mimi."

"Wewe ulijuaje, mama? Redio ilikuwa imezima. Hata mimi nilikuwa sijui."

Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si ulisema mwenyewe tembo ameingia? Tembo hupigiwa debe ili arudi akiwa bado nje ya shamba, mwanangu. Akishaingia ndani, hata upige matarumbeta, imekwisha. Mimi nililima bondeni. Mlikuwa mnasubiri nini tena?"

Mwenye duka alimtazama. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko, na bibi akaketi chini kando yake. Jioni ile wenzake wa sokoni walikuja na unga na kuni. Taratibu za mazishi za nyumba ile hazikuwa zetu, na wanawake wale hawakujua wafanye lipi wala waache lipi. Wakakaa.

Nimelipima jambo hili katika utumishi wangu wote. Kwa kanuni za masijala, taarifa inayotolewa kabla tukio halijathibitishwa haipokelewi, hata kama baadaye itaonekana kuwa sahihi. Mtumishi aliyeiandika angetakiwa kujieleza. Nimewataka watu wajieleze kwa makosa madogo kuliko hilo, na sijutii. Lakini neno la bibi nimeshindwa kuliweka mahali. Si uongo, kwa kuwa walishinda kweli. Wala siwezi kuliita ukweli, maana alipolisema hapakuwa na mtu chumbani aliyeujua. Naliacha hivyo lilivyo.

Kilichofuata hakina hadithi. Familia ile ilihamia ng'ambo miaka kadhaa baadaye. Duka la vitambaa sasa linauza kava za simu. Mkeka ulikunjwa, ukawekwa stoo, mchwa wakaula kutoka ndani ili watu wasijue upesi. Uwanjani walichunga mbuzi, kisha wakaosha magari. Bibi alirudi kuzikwa Kinole. Mimi niliposikia habari za jengo nilifuata ngazi zote zinazotakiwa kufuatwa, nikatoa pingamizi langu kwa heshima, nikajibiwa kwa heshima kwamba limepokelewa. Najua vizuri maana ya kupokelewa. Nimepokea mengi.

Kama kijana yule angesema kwamba palikuwa na tembo, ningemwachia. Mmoja alikuwepo, kwa namna yake. Ila nyani na nyoka, hapana.

Jana nilirudi pale na kapu dogo la machungwa. Mlinzi wa lango, kijana mpole, aliniletea kiti cha plastiki akakiweka kivulini.

"Mama, unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu. Nimekuja kukaa."

Muda si mrefu lango likafunguliwa, ukungu ukiwa bado haujaachana na mlima, na lile dude la manjano wanaloliita kijiko likaja kwa uzito wake, likiwa limeinua mkono mbele kama mkonga. Lilivuka mfereji wetu bila kulipa kachori. Lilifika katikati, pale ulipokuwa mkeka, likatulia.

Safari hii sikunyoosha mkono. Lilikuwa limekwisha kuingia. Nilimenya chungwa taratibu, ganda lisikatike, nusu nikampa mlinzi, tukakaa.